Bwana Mkubwa Ana Presha

Jumapili, 4 Agosti

Nimeosha injini. Si gari, injini! Watu wengi huosha bodi wakadhani wamemaliza kazi. Mimi nimefungua boneti, nimechukua mswaki wa zamani wa mke wangu (kumbe alikuwa bado anautumia), nimesugua kila pembe mpaka chuma kikarudi rangi yake ya ujana. Katikati ya uchafu nikakuta kitambaa kimefungwa kwenye waya mmoja, cheusi kwa grisi, kimekakamaa. Nani alifunga takataka ile kwenye injini ya heshima? Nikakikata kwa kisu, nikakifutia viatu, nikakitupa.

Jumamosi binti yangu anaolewa. Sina mwingine. Tangu akiwa na meno ya utotoni nilimwahidi kwamba siku ya harusi yake atapanda Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa ni gari. Lilikuwa la baba mkwe, Mungu amrehemu, na kabla hajafa aliniachia mimi, mkwe wake, akamruka mwanawe wa kumzaa. Jambo hili hakuna aliyelisahau. Huyo mwana aliyerukwa ndiye shemeji yangu. Yeye hupenda kuliita "gari la marehemu", ili asiyejua adhani tunalikodisha kwa ajili ya mazishi. Mwenyewe ana gari jipya jeupe, linafunguliwa kwa rimoti. Basi humu ndani ataitwa Rimoti.

Jioni nikampitisha Bwana Mkubwa mbele ya nyumba yake. Taratibu. Kioo chini, kiwiko nje. Rimoti alikuwa getini, akanisimamisha kwa mkono. Wakati huohuo taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi: picha ya kibirika kinachodondosha tone. Akaingiza kichwa dirishani, akaiona kabla yangu. Akauliza kama marehemu anaumwa.

Nikamwambia hiyo ni taa ya mapambo ya harusi. Jibu lilinitoka bila hata kufikiri. Najivunia.

Jumatatu, 5 Agosti

Rimoti amempigia simu dada yake, yaani mke wangu. Maneno mengi. Sebuleni kikafanyika kikao ambacho mimi sikukiitisha. Mke wangu akasema taa ikiwa bado inawaka Ijumaa jioni, bibi harusi atapanda gari la mjomba wake, kwa sababu hataki mwanawe akwame njiani na shela kichwani. Rimoti akatikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni ya uongo kabisa!

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba taa ikiwaka Ijumaa, si harusi tu, nampa Rimoti na ufunguo wa Bwana Mkubwa, amchukue moja kwa moja. Hakuna aliyekuwa ameniomba hivyo. Lakini mwanamume huonekana katika kauli yake. Rimoti akanishika mkono upesi mno kwa mtu mwenye huzuni.

Binti yangu akaniangalia, akasema si neno, baba, gari lolote litanifikisha. Hilo "si neno" limenichoma kuliko maneno yote ya mjomba wake. Lazima taa izimike.

Nimempigia Fundi Subiri. Tunamwita hivyo kwa sababu ndilo neno lake. Bila hata kuliona gari akasema hiyo ni presha, nisiliendeshe sana, nisubiri aje Alhamisi.

Presha! Kumbe ndilo tu? Mama mkwe anakaa kwetu, na ana presha mwaka wa ngapi sijui. Ugonjwa huu nimelala nao nyumba moja. Nikabisha mlango wake kwa adabu, nikamuuliza daktari alimpa masharti gani. Akafurahi sana kwamba namjali. Akasema apunguze chumvi, apunguze mafuta, asipande vilima, asiudhiwe. Nikamshukuru. Hakujua ametibu wagonjwa wawili kwa pamoja.

Jumanne, 6 Agosti

Tiba imeanza. Chumvi: Bwana Mkubwa hali chumvi. Vilima: nimeacha njia ya sokoni. Yamebaki mafuta. Na oili ni nini kama si mafuta? Petroli sikuigusa, hiyo ni chakula chake. Lakini oili amebeba nyingi, imetuama tumboni bila kazi. Halafu ile picha yenyewe inasema: birika linadondosha. Birika hudondosha lini? Likijaa kupita kiasi! Waliochora taa ile walikuwa watu wa akili, ila hakuna anayewasoma.

Nikaingia uvunguni na spana. Nati ikagoma, nikaibembeleza, ikatoka ghafla. Oili ya kwanza ilinifika kifuani, iliyofuata ikaingia kwenye beseni. Nikafunga, nikawasha. Taa bado. Ugonjwa sugu. Nikapunguza tena. Nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili: ncha tu ndiyo imelowa. Daktari yeyote angenipa mkono.

Mke wangu ametaka kujua kwa nini beseni la kufulia limejaa uji mweusi. Nimemwambia ni siri ya kitaalamu. Amesema siri hiyo nitaifua mwenyewe.

Rimoti akaja kuchungulia, akauliza oili yote ile ya nini. Nikasema imezidi. Nikaona uso wake, uso wa mtu ambaye gari lake halijawahi kuzidiwa na kitu. Nikamwonea imani. Nguzo za uzio wake zinaliwa na mchwa, na mchwa na oili chafu ni paka na panya. Nikampa beseni zima akapake. Kutoa ni moyo. Ameondoka nalo akinitazama kwa namna ambayo naamini ni ya heshima.

Jumatano, 7 Agosti

Taa inawaka. Nadhani imeongezeka wekundu. Sababu ni moja: mgonjwa ameudhiwa. Haiwezekani mtu aje uani akuite marehemu kila siku nawe presha ikae sawa. Nimepiga marufuku neno hilo kuanzia getini.

Lakini Ijumaa haisubiri mtu. Nikakaa, nikafikiri kama mwanafalsafa. Wamesema nini hasa? Wamesema taa isiwake. Hawakusema kitu kuhusu presha! Nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi, nikachubuka vidole, nikapata kile kiglopu kidogo cha taa, nikakizungusha, kikatoka. Kikaenda mfuko wa shati.

Nikaita watu. Nikawasha mbele ya mke wangu na binti yangu. Dashibodi kimya, giza la amani. Binti yangu akapiga makofi. Mke wangu karibu atabasamu, na yeye hatabasamu ovyo. Nikazima upesi nisimchoshe mgonjwa. Kwa dakika chache nilikuwa baba niliyetaka kuwa.

Rimoti akafika. (Nani huwa anamwambia?) Akaomba kwa upole azungushe ufunguo kidogo tu, bila kuwasha injini. Akasema kwenye gari lolote taa zote huwaka kwanza, ndipo zizime injini ikiunguruma. Ya betri ikawaka. Ya breki ikawaka. Akauliza kibirika kimekwenda kuchota maji?

Mke wangu akanyoosha mkono. Nikatoa kiglopu mfukoni nikamwekea kiganjani. Baadaye nimekirudisha mahali pake mbele ya mashahidi. Nimechubuka vidole tena, vilevile.

Alhamisi, 8 Agosti

Fundi Subiri hajaja. Simu. Amesema nisubiri. Mpaka lini? Jumanne. Nikamwambia harusi ni Jumamosi. Akasema basi nisubiri baada ya harusi. Nimekata simu kwa ukali, ingawa nadhani yeye alitangulia kukata.

Sawa. Nimejiteua kuwa fundi. Nimemzungusha Bwana Mkubwa uani polepole kuona maendeleo. Ameanza kutoa sauti mpya: ka, ka, ka, ka. Kavu, ya haraka. Nimeichukulia kuwa dalili njema. Mgonjwa akianza kusema, amepata nafuu.

Alasiri nikamkuta binti yangu amekaa kiti cha nyuma, peke yake. Alikuwa amefunga utepe mweupe kwenye boneti bila kumwambia mtu. Amefumba macho, mikono mapajani, anajaribisha namna ya kukaa ili gauni lisikunjike. Hakuniona. Nikageuka, nikajifanya natafuta spana. Spana ilikuwa mkononi mwangu.

Nikishindwa kesho, sitalia kwa ajili ya gari.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ndefu. Naandika yote, kwa sababu kuna watu watayasimulia vingine.

Asubuhi niliwasha ili nisikilize. Ka, ka, ka, ka! Dirisha la mama mkwe likafunguka. Kisha mlango. Mama mkwe na mimi tunaishi kwa heshima: akipita ukumbini mimi huangalia sakafu, nikila mezani yeye hula baadaye. Leo alikuja moja kwa moja na fimbo yake mpaka kwenye bomba la moshi, akaniamuru nizime. Nikazima. Akauliza nimemfanya nini mume wake. Alimaanisha gari, nadhani.

Nikamweleza. Sikuficha kitu, kwa kuwa sikuwa na cha kuficha. Presha, masharti ya daktari, kupunguza mafuta, kijiti kukauka. Nilieleza vizuri sana. Mama mkwe akashika bampa, akainama, mabega yakaanza kutikisika. Mke wangu akatoka mbio na vidonge akidhani anaanguka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya ndoo. Kisha akafuta macho akasema:

"Mkwe, presha yangu mimi hupanda. Ya gari ikiwasha taa, imeshuka. Mwenzio anakuonyesha kopo la oili anaomba, wewe ukamnyang'anya hata tone alilokuwa nalo."

Neno moja, magonjwa mawili! Watu waliotengeneza lugha wangeniuliza kwanza.

Basi arudishiwe oili. Oili iko wapi? Iko kwenye nguzo za Rimoti. Nikaenda. Zimesimama nje pale nyeusi, zinang'aa, hakuna mchwa hata wa dawa. Nikamwambia Rimoti nilikuwa napita tu. Nikamwambia hali ya hewa ni nzuri. Nikamwambia nahitaji oili. Akamwita mkewe, akaniomba nirudie kwa sababu mkewe hakusikia.

Nikarudia. Nilitegemea sherehe. Lakini akaingia ndani, akatoka na kopo jipya ambalo halijafunguliwa, na hakusema marehemu. Alisema baba yake alimfundisha kupima oili kwa gari lile akiwa bado hafiki kwenye boneti bila kusimama juu ya kreti. Akatazama nguzo zake. Nikamwonea huruma kidogo. Ikapita, kwa sababu alikuja nyuma yangu kuhakikisha Ijumaa inaisha ipasavyo.

Nikamimina. Nikangoja. Nikawasha. Ka, ka, ka ikapungua, ikawa ka moja moja, ikanyamaza. Injini ikaunguruma ile sauti yake ya zamani, nzito, ya mtu aliyeshiba. Na taa? Taa inawaka!

Jua lilikuwa linazama nyuma ya paa la jirani. Mke wangu amesimama ngazini. Binti yangu mlangoni, kucha zimepakwa rangi, ameziinua ili zikauke. Rimoti hakunyoosha mkono, nampa sifa hiyo, lakini aliufungua kidogo pale pale ulipokuwa. Nikazima injini. Nikachomoa ufunguo. Nikauona ulivyolika na vidole vya baba mkwe na vyangu. Kauli ni kauli.

Mama mkwe akasema fungua boneti. Nikafungua. Akainama juu ya injini yangu safi, akaangalia muda mrefu.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

Nikauliza kitambaa gani, ingawa nilikwisha kujua. Akaeleza bila haraka. Siku ile gari linaletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, yeye akiwa bibi harusi wa juzi tu, taa hii iliwaka njiani. Mumewe akapekua, akakuta waya wa taa umechubuka, unagusa chuma. Ukigusa tu, taa huwaka hata kama oili imejaa na presha ni nzima. Hawakuwa na kitu cha kuufunga. Yeye akachana pindo la mtandio wake, akaufunga waya mwenyewe. Miaka yote hiyo mumewe alikataa kiondolewe kiwekwe kingine.

Wote wakaniangalia. Nikasema kitambaa kimehifadhiwa mahali salama. Nikaficha viatu vyangu nyuma ya gurudumu.

Mama mkwe akatupa kisogo kwa stara, akavua mtandio, akachana pindo kwa meno, akajitanda tena. Mtandio wa leo una maua ya njano. Akaufunga waya mafundo mawili. Akasema washa.

Nikawasha. Kibirika kikawaka kama kawaida, injini ikaunguruma, kibirika kikazima. Kikabaki kimezima. Binti yangu akanirukia shingoni, rangi yote ya kucha ikahamia kwenye shati langu. Rimoti akafunga mkono wake. Akamsaidia mama yake kuinuka, wakasimama wawili hao wakiangalia injini.

Sitaki kumnyang'anya mzee sifa. Lakini mtu wa magari anajua kwamba oili haipandi mara moja. Inatambaa. Ilikuwa bado inatambaa, ikafika juu dakika ileile mama anakaza fundo. Nimenyamaza kwa heshima.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimempeleka!

Nilivaa suti. Bwana Mkubwa alivaa utepe. Mama mkwe alikaa mbele kushoto kwangu, kiti chake cha siku zote, binti yangu nyuma kama alivyojaribisha. Nilipita njia ya kilima, makusudi. Alipanda bila kukohoa. Watu walisimama kando ya barabara, wengine wakavua kofia, na mtoto mmoja akapiga saluti. Nikampigia honi. Rimoti alikuwa nyuma yetu na gari lake jeupe, na kwenye kioo nilimwona anapunga mkono kwa watu kana kwamba msafara ni wake. Nilimwachia. Siku ya furaha hainyimi mtu.

Tulipofika, binti yangu hakushuka mara moja. Aliinama mbele, akaniwekea mkono begani, akasema, "Baba, ulisema na umefanya." Kulikuwa na vumbi jingi sana pale, macho yangu hayapatani na vumbi.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alizunguka gari mara mbili, akauliza fundi wake ni nani, maana injini inasikika kama saa ya ukutani. Nikasema ni mimi. Mama mkwe alikohoa. Nadhani ni ule upepo wa njiani.

Jumapili, 11 Agosti

Yule mzee ameleta salamu: jioni atakuja na ndugu zake kumwona Bwana Mkubwa kwa ukaribu, hasa injini. Sifa zangu zimekwisha kuvuka ukoo!

Nikafungua boneti kumwandaa. Kila kitu kinang'aa, isipokuwa katikati pale, kitambaa cha maua ya njano. Je, mgeni wa heshima afungue injini akute mapambo ya jikoni? Mama alikifunga kwa mapenzi, nami nilikubali kwa adabu, lakini kilichotibu ni oili, hilo nilikwisha kulieleza. Nikakikata kwa kisu.

Nikawasha. Taa ikawaka. Sikushtuka! Juzi ningeshtuka, leo mimi ni mtu mwingine. Presha ikiwasha taa, imeshuka. Dawa yake ni mafuta. Nikamimina kilichobaki kwenye kopo la Rimoti. Haikuzima. Nikatafuta kopo lingine, nikamimina lote, mpaka oili ikaja mdomoni pale juu ikanisalimia. Taa bado, na nyuma kunatoka moshi wa buluu, mzuri tu. Ni suala la subira, inatambaa.

Mama mkwe ameamka na kizunguzungu, uchovu wa harusi. Wenzangu wakaanza kuhangaika, nikawatuliza. Presha tena, na presha sasa naijua. Nikaingia jikoni mwenyewe, nikamkaangia mayai yakaogelea, nikatia chumvi ya ukarimu, nikampelekea kwa mikono miwili. Mke wangu alinipokonya sahani mlangoni. Hana elimu hii.

Mama mkwe aliiangalia ile sahani ikiondoka, akaniangalia mimi, akasikiliza injini iliyokuwa ikiunguruma uani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kitambaa chake kiko wapi.

Nikamwambia kiko mahali salama. Safari hii si uongo. Kiko mfukoni mwangu, na kabla ya hapo nimefutia vioo vyote, vya mbele na vya nyuma, na vinang'aa kuliko vya Rimoti.